Kipimo cha Mkono: Habari za Kipupwe na Mavazi katika Ugogo

Mtu atokaye pwani, akifika Dodoma kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Juni au wa Julai, hukutana na jambo ambalo aghalabu hakuna aliyemwonya: hukutana na baridi. Mchana jua huwaka na vumbi hupanda kama alivyotazamia. Lakini jua likishatua, na hasa saa za alfajiri, hewa hugeuka. Mji huu umesimama juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake, ambayo kwa mwaka hukaribia milimita 550, hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo yafuata miezi ya ukavu ambayo mbingu zake hazina wingu. Ardhi isiyofunikwa na wingu hupoteza usiku joto iliyojikusanyia mchana, nao upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya uwanda usio na msitu wa kuuzuia. Katika usiku wa namna hiyo kipimajoto hushuka hata nyuzi 13 za Selsiasi au pungufu kidogo. Mtu wa Ulaya atasema kuwa hiyo si baridi. Mwendesha bodaboda anayempeleka abiria kituo cha mabasi saa kumi na moja alfajiri hatasema hivyo, kwa maana yeye huongeza juu ya upepo wa mbinguni upepo wa mwendo wake mwenyewe.

Watumishi wa serikali walioanza kuhamia Dodoma kwa wingi tangu mwaka 2016 waliijua baridi hii mwaka wao wa kwanza, na wanafunzi wanaopanda vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma huijua kila mwaka. Kifua hufunikwa kwa koti, kichwa kwa kofia, na uso kwa kitambaa. Vinabaki vidole. Basi mwendesha pikipiki huenda mnadani, huinama juu ya rundo la nguo za mitumba, akatafuta glavu. Ya kwanza inampwaya. Ya pili inambana. Ya tatu imemkaa vizuri kabisa, ila haina mwenzake. Huondoka na jozi iliyo mbaya kidogo kuliko nyingine zote, akijiambia kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili.

Huenda msomaji akauliza: je, jambo dogo kama hili lastahili kuandikiwa na mwanahistoria? Naamini lastahili. Mkono wa mwanadamu una hali mbili katika historia ya mavazi. Mkono hupimwa, na mkono hupima. Katika nchi hii ya Ugogo, kwa muda wa miaka mingi, mkono ndio uliokuwa kipimo cha nguo. Na baadaye nguo ikaja ikiwa imekwisha kupimwa, katika nchi ya mbali, kwa mkono wa mtu mwingine. Baina ya hali hizo mbili mna habari za biashara, za dola, na za heshima ya watu. Hizo ndizo nitakazojaribu kuzieleza.

Kwanza yafaa tujue kwa nini glavu ni nguo ngumu kuliko nguo nyingine. Nguo yoyote haileti joto. Huhifadhi joto la mwili kwa kuishika hewa iliyotulia baina yake na ngozi. Glavu ikipwaya, upepo huingia na kuifukuza hewa hiyo. Ikibana, nafasi ya hewa hutoweka, na damu, ambayo ndiyo mchukuzi wa joto, huzuiwa kupita. Nao mwili wenyewe, uonapo baridi, hupunguza damu iendayo vidoleni ili kuvilinda viungo vya ndani. Kwa hiyo vidole huwa wa kwanza kuadhibiwa. Tena kila kidole ni chembamba, na kitu chembamba hupoa upesi kwa kuwa uso wake ni mkubwa ukilinganishwa na unene wake. Ndiyo maana glavu iliyoacha vidole vinne vikae pamoja katika chumba kimoja huwa na joto zaidi kuliko glavu iliyovitenga, maana vidole vilivyokaa pamoja huazimana joto. Lakini vidole vilivyofungwa pamoja haviwezi kufanya kazi ya ustadi. Blanketi likiwa kubwa kuliko mtu, litamfaa. Kabuti likiwa kubwa, litavumiliwa. Glavu haina uvumilivu huo. Katika mavazi yote ya baridi, ndiyo inayouliza kwa ukali kabisa: umepimwa na nani?

Wazee wa Ugogo hawakuuliza swali hilo, kwa kuwa walikuwa wamepata jawabu la namna nyingine. Walijenga tembe, nyumba ya pembe nne yenye kuta fupi za miti na udongo, na paa tambarare lililofunikwa kwa udongo, mara nyingi ikiuzunguka ua wa mifugo. Mgeni aliyezoea mapaa marefu aliweza kuidharau, lakini nyumba fupi ya udongo mzito haipambani na upepo. Huuacha upite juu yake, na joto la mchana hukaa kutani hata usiku. Ndani yake palikuwa na moto, na watu walilala juu ya ngozi za ng'ombe. Mavazi yalikuwa ngozi za mifugo zilizolainishwa, na mwili ulipakwa mafuta na udongo mwekundu, dawa njema kwa ngozi inayopasuliwa na upepo mkavu. Hata vitambaa vilipoingia kwa wingi vilivaliwa kwa desturi ile ile ya ngozi: kitambaa kipana kilichozungushwa mwilini na kufungwa fundo begani, ambacho kwa Kiswahili huitwa mgolole.

Mgolole una hekima yake. Haukushonwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo hauwezi kumkosa mtu. Mrefu huushusha, mfupi huukunja, mtoto huurithi kwa baba yake. Na baridi ikizidi, mchungaji huivuta mikono yake ndani, akaikumbatia kifuani pake, mahali palipo na joto kuliko pote. Mgolole ni nguo na ni glavu kwa wakati mmoja. Kasoro yake ni moja: mkono ulioingia ndani umeacha kazi. Mchungaji aliyesimama akiwatazama ng'ombe wake aweza kuvumilia kasoro hiyo, kwa kuwa kazi ya saa ile ni ya macho. Tukumbuke kasoro hii, maana tutairudia.

Kitambaa chenyewe kilitoka mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 mjumbe wa nchi hiyo, Richard Waters, alikaa Unguja. Meli za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta pamba ngumu isiyopaushwa, nazo zilichukua pembe za ndovu na sandarusi. Watu wakaiita nguo hiyo merikani, na jina hilo halijafa hata leo. Pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo ya rangi ya nili kutoka Bara Hindi. Nguo hizi zilibebwa mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo na bandari jirani, zikapita Mpwapwa, zikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, zikaingia Ugogo. Na huko ndiko kulikokuwa mlango wa kwenda Unyanyembe na Ujiji. Hapakuwa na fedha ya sarafu iliyokubaliwa njia nzima. Nguo, shanga na waya ndizo zilizokuwa fedha.

Fedha yoyote yataka hesabu, na hesabu ya nguo ilikuwa mkono. Kutoka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, ni shibiri. Kutoka kisigino cha mkono, yaani kiwiko, hata ncha ya kidole cha kati ni mkono mmoja, au dhiraa. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili ni doti. Wageni walihesabu shuka kuwa yadi mbili, na doti kuwa yadi nne. Maneno haya bado tunayo: mwanamke anunuaye kanga hununua doti, ingawa hapimi tena kwa kiwiko, na kitambaa kizima dukani bado huitwa jora. Watungaji wa kamusi wametuhifadhia hata tofauti ya mkono kamili na mkono wa konde. Mkono kamili huishia kwenye ncha ya kidole. Mkono wa konde huishia penye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Baina ya kiganja kilichofunguliwa na kiganja kilichofumbwa pana urefu wa vidole vizima, na katika urefu huo pana nafasi kubwa ya hila.

Tena, hata bila ya hila, mikono ya watu hailingani. Tuhesabu kidogo. Mkono wa mtu mmoja ukiuzidi wa mwenzake kwa unene wa vidole viwili, tofauti katika doti moja itakuwa vidole kumi na sita. Katika doti mia itakuwa vidole 1,600. Na mkono mmoja ukihesabiwa kuwa vidole 24, hiyo ni mikono 66 na kitu, yaani zaidi ya doti nane. Msafara mkubwa haukubeba doti mia tu. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikadiria kuwa watu mia moja wangehitaji doti 10 kila siku kwa chakula, na katika hesabu yake aliweka doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Katika mzigo wa namna hiyo vidole viwili vya mtu si jambo dogo. Ni mali ya kijiji.

Ugogo ndiko mahali ambapo hesabu hii ilijadiliwa kwa kelele nyingi. Richard Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wawili wameandika juu ya hongo kwa uchungu. Kila mtawala alidai nguo kabla ya kuuruhusu msafara kupita. Alikataa mara ya kwanza alizoletewa, akataka nyingi zaidi au zilizo njema zaidi. Na siku zilipita katika majadiliano. Wasomaji wa Ulaya walipewa picha ya watu wakaidi na wenye tamaa, na picha hiyo imeingia katika vitabu vingi vilivyofuata.

Yapasa tuitazame upya. Msafara wa mamia ya watu uliingia katika nchi ambayo mvua yake ni haba, ukanywa maji ya visima na madimbwi ambayo wenyeji waliyategemea wao na mifugo yao hata mvua nyingine. Ukala nafaka ya nchi ambayo njaa haikuwa mgeni kwake. Aliyedai nguo alidai bei ya maji, ya chakula na ya njia. Na nguo aliyodai ndiyo iliyowafunika watu wake siku za kipupwe. Kwamba aliikataa nguo nyembamba au fupi si ushahidi wa ukaidi wake. Ni ushahidi kwamba alijua kupima. Mfanyabiashara wa Salem au wa Bombay akifanya vivyo hivyo husifiwa kuwa mwangalifu. Katika majadiliano yale mkono wa mwenyeji ulikuwa na neno: aliweza kuufungua juu ya kitambaa na kusema, hakitoshi.

Neno hilo lilinyamazishwa. Katika miaka ya 1890 utawala wa Wajerumani ulijiimarisha Mpwapwa na Kilimatinde, na hongo ikakomeshwa. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka katika muda mfupi: kwanza mpita njia alimlipa mwenye maji, sasa mwenye maji alimlipa aliyekuja kumtawala. Na kama kwamba hiyo haikutosha, katika miaka hiyo hiyo sotoka ilikuwa imekwisha kuwaua ng'ombe wengi wa nchi za Afrika ya Mashariki; na penye ng'ombe wachache pana maziwa machache, na hatimaye ngozi chache za kulalia.

Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaendelea Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nguo iliyobebwa begani kwa majuma sasa ilifika kwa siku. Wenye maduka kutoka Bara Hindi walifungua milango kando ya stesheni, na juu ya meza ya duka iliwekwa fimbo ya kupimia, mita ya Mjerumani na baadaye yadi ya Mwingereza. Tusiidharau fimbo hiyo. Kwa maskini ilikuwa na haki yake: haikuwa na ndugu wala rafiki, haikufumba konde. Na barazani mwa duka aliketi fundi wa cherehani, ambaye kazi yake ilikuwa ngeni na ya zamani kwa pamoja. Alishona kanzu, suruali na shati, mavazi yasiyojulikana kwa wazee. Lakini alimzungushia mteja utepe, akampima bega, kifua na mkono, akamshonea nguo yake mwenyewe. Kwa fundi huyo mkono uliopimwa ulikuwa wa mtu aliyesimama mbele yake.

Wakati huo, katika nchi za Ulaya, mambo yalikuwa yamekwenda njia nyingine, na glavu ndiyo iliyotangulia. Katika mji wa Grenoble, Ufaransa, ambao ulisifika kwa glavu za ngozi ya wanambuzi, mtengenezaji aitwaye Xavier Jouvin alichunguza mikono ya watu wengi, hata ya wagonjwa hospitalini. Mwaka 1834 alikuwa amekwisha kuipanga katika aina na namba, jumla ya vipimo 320, akavumbua na chuma cha kukatia ngozi glavu nyingi kwa umbo moja. Kutokana na kazi kama yake tunazo mpaka leo namba za glavu, ambazo hupatikana kwa kuuzungusha utepe penye vifundo vya kiganja, bila ya kidole gumba, na kuhesabu kwa inchi ya Kifaransa. Ni kazi ya akili sana. Ilimwezesha mtu kununua glavu inayomtosha bila ya kuonana na aliyeishona. Lakini kila mpango wa vipimo hubeba ndani yake watu waliopimwa. Mikono 320 ya Jouvin ilikuwa mikono ya watu wa Grenoble. Na kiwanda kilichofuata, kwa kutaka faida, hakikutengeneza vipimo 320. Kilitengeneza vitano au vitatu, vidogo, vya katikati na vikubwa, na mnunuzi akatakiwa ajitafutie mahali pake humo.

Nguo za namna hiyo zilifika uwanda wa kati kwa njia ya vita. Katika Vita Kuu ya Pili, vijana wa Tanganyika waliingia katika majeshi ya Kiingereza, wakapelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma. Waliorudi walikuja na kabuti la jeshi, nguo nzito iliyoshonwa kwa maelfu. Na kwa miaka mingi baadaye kabuti la namna hiyo lilionekana mabegani mwa walinzi wa usiku. Liliwafaa. Mikono yake ikiwa mirefu mno, mlinzi alificha vidole ndani yake, akafanya kwa kabuti kile ambacho babu yake alifanya kwa mgolole. Lakini kuna kitu kingine kilichokuja baada ya vita, nacho hakikuweza kukunjwa ili kimfae mvaaji.

Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha pale Kongwa, katika Ugogo, mpango mkubwa wa karanga. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na wakubwa wake walipanga kulima zaidi ya eka milioni 3 katika Tanganyika na nchi nyingine za jirani. Ujumbe uliokagua nchi ulifanya kazi yake kwa majuma machache tu, na sehemu kubwa ya ardhi ilitazamwa kutoka angani. Matrekta yaliyobaki vitani yalinunuliwa na kuletwa. Mwaka wa kwanza ulilenga eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama eka 7,500. Udongo wa Kongwa, mvua zikiisha, hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mchanga uliomo ndani yake ulizila zana za chuma. Mvua nazo hazikuja kama ilivyoandikwa katika makaratasi. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zikawa zimepotea.

Simtaji Kongwa ili niache habari ya glavu. Namtaja kwa kuwa kosa ni lile lile, ila limefanywa kwa eka badala ya vidole. Nchi ilipewa vazi lililopimwa mahali pengine. Mkulima wa Kigogo aliyepanda mtama na uwele, akatawanya mashamba yake ili mvua ikikosa hapa ipatikane kule, alikuwa na kipimo cha nchi hiyo mkononi mwake. Hakuna aliyemwomba aufungue mkono huo. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Wangaliweza kuongeza kwamba isiyositiri hulipiwa na aliyeivaa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 taifa lilijaribu kujivika. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata, ili pamba ya nchi isokotwe na kufumwa nchini. Viwanda vya kutengeneza ngozi vilijengwa Moshi, Mwanza na Morogoro. Nia ilikuwa njema na sahihi. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, vita, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vilileta uhaba wa bidhaa ambao waliouona hawausahau. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na nguo kuukuu za ng'ambo zikamiminika. Watu walizipa majina mawili. La kwanza ni mitumba, kwa sababu zilifika zimefungwa kwa robota. La pili ni kafa Ulaya, yaani mwenyewe amefariki huko, nasi tumerithi. Katika jina hili la pili mna kicheko, na ndani ya kicheko mna fikra: watu walijua vema kwamba wamevaa mwili wa mtu mwingine.

Haki yataka tuseme upande wa pili. Mitumba imewafunika wengi ambao wasingefunikwa. Mama wa kijijini ambaye hawezi kununua sweta jipya hununua la mtoto wake mnadani kwa bei ya chakula cha siku moja, na mtoto halali kwa baridi. Mtu anayelihukumu soko hilo akiwa amevaa koti zuri na ahukumu polepole. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo hizi kidogo kidogo. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kodi, na wengi wakarudi nyuma. Rwanda iliposhikilia neno lake, mwaka 2018 ilipoteza nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Jambo hili latuonyesha kwamba kuchagua nani atupime si jambo la fundi na mteja peke yao. Lina mabalozi na mikataba.

Hata hivyo rundo la mnadani lina mpaka wake, na mpaka huo huonekana wazi kabisa katika glavu. Suruali ya kafa Ulaya ikimpwaya mtu, fundi wa cherehani huipunguza kwa nusu saa. Na kazi hiyo ya kupunguza na kuongeza imekuwa riziki ya mafundi wengi. Koti hukatwa, sketi hukunjwa. Glavu haipunguziki. Ina mishono ya vidole vitano, kila mmoja na urefu wake, na ngozi ikikwisha kukatwa hairudi. Fundi huitazama, akaigeuza, akamrudishia mwenyewe. Hapo ndipo kipimo cha mgeni kinaposema neno la mwisho. Ni jambo la kusikitisha zaidi ukikumbuka kwamba glavu njema hushonwa kwa ngozi ya mbuzi, nasi tumekaa katika nchi ya mbuzi. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye mifugo mingi kabisa, na kwa miaka mingi ngozi za Ugogo zilipakiwa katika mabehewa Dodoma kwenda pwani. Viwanda vya ngozi vilivyojengwa baada ya uhuru vilibinafsishwa katika miaka ya 1990, na kazi yake ikadorora. Kwa hiyo mtu mwenye mbuzi zizini hutafuta ngozi ya kuvaa vidoleni katika rundo lililotoka ng'ambo.

Lakini historia haikomi katika masikitiko, na mwendesha bodaboda hakukaa akisubiri. Katika sehemu za baridi za nchi hii, na katika nchi jirani ya Kenya, yako mapikipiki ambayo usukani wake umefungwa mifuko miwili, ya turubai au ya ngozi bandia, iliyoshonwa na fundi wa papo hapo. Dereva huingiza mikono humo, akashika usukani na breki ndani yake. Mfuko haukushonwa kwa namba. Mwenye kiganja kikubwa na mwenye kiganja kidogo wote huingia. Vidole hukaa pamoja na kuazimana joto. Upepo hugonga nje. Aliyeubuni hakuhitaji kuijua Grenoble. Alikuwa na fikra ile ile ya mgolole, na ile kasoro tuliyoitaja ameiondoa: mkono umeingia ndani, na kazi inaendelea.

Kutokana na habari hizi napata mafunzo mawili. La kwanza ni kwa wanaosoma historia: tusizipokee hukumu za wasafiri juu ya Ugogo kabla ya kuuliza nani alikuwa ameshika kitambaa, na nani alikuwa akipima. Yule aliyedai doti iliyotimia alikuwa akilinda kitu tunachokihitaji mpaka leo. La pili ni kwa wanaopanga mambo ya nchi, na wengi wao wanasomeshwa sasa katika vyuo vyetu. Kabla ya kuleta mbegu, mashine, sheria au mtaala uliokwisha kukatwa kwingine, na wafanye kama fundi wa barazani: wamwite mwenye mwili asimame, wamwombe anyooshe mkono, ndipo waushike utepe.

Kipupwe kitarudi mwezi wa Juni, na mwendesha pikipiki ataondoka nyumbani kabla ya jua. Vidole vyake vitamwambia kama sisi wenye kalamu na wenye viwanda tumefanya kazi yetu.